Skuta ya mtu mzima kwa njia za udongo: inchi 8, 16/12 au 20/16?

Ukitaka kuundiwa skuta ya kusukuma kwa mguu, ya mtu mzima, inayoweza kushuka njia za udongo na kuruka hewani, fundi atakuuliza mengi: chuma gani, breki gani, usukani wa kimo gani. Anza na gurudumu. Ukishalichagua, urefu wa fremu, unene wa chuma, aina ya breki na hata stanti utakazoweza kupiga vimeshaamuliwa kwa sehemu kubwa. Anayeacha gurudumu liwe la mwisho huishia kukata fremu na kuichomelea upya.

Tunalinganisha miundo mitatu ambayo karakana ya jua kali Nakuru, Kisumu au Kakamega inaweza kuitengeneza. Hesabu zote ni za mpandaji wa kilo 85.

Wa kwanza ni skuta fupi yenye tairi mbili za upepo za inchi 8 (200×50). Wa pili una inchi 16 mbele na 12 nyuma, yaani saizi za baiskeli za watoto. Wa tatu ni mrefu, inchi 20 ya BMX (baiskeli ndogo ya stanti) mbele na 16 nyuma.

| | 8/8 | 16/12 | 20/16 |
|---|---|---|---|
| Ekseli hadi ekseli | sm 72 | sm 88 | sm 105 |
| Kimo cha ubao kutoka ardhini | sm 12 | sm 13 | sm 14 |
| Uzito wa skuta ya chuma (makadirio) | kilo 6–7 | kilo 9–10 | kilo 12–13 |
| Nguvu ya kupanda jiwe la sm 4 | 1.33 | 0.75 | 0.64 |
| Reli za fremu (mm) | 40×20×1.5 | 40×20×1.5 | 50×25×1.5 |

Mstari wa jiwe ndio wa kuusoma kwa makini. Gurudumu la mbele likisimama mbele ya jiwe la kimo cha sentimita 4, lile la inchi 8 linataka kusukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wote uliolilalia kwa theluthi moja. La inchi 16 linataka robo tatu tu ya uzito huo. Kwa hiyo jiwe ambalo skuta ya inchi 16 inalipanda kwa mtikisiko, lile la inchi 8 linakwama nalo na mpandaji anaruka juu ya usukani. Kutoka inchi 16 hadi 20 faida inaendelea, lakini ni ndogo: 0.75 inashuka hadi 0.64 pekee. Huko juu unalipa uzito mwingi kwa faida kidogo, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuupenda muundo wa kati.

Sasa tazama ardhi utakayopita. Nakuru, kuanzia miteremko ya Menengai hadi upande wa Bahati, kuna vumbi jepesi la volkano na kokoto za mawe yenye matundu. Wakati wa kiangazi tairi nyembamba huzama humo na gurudumu dogo hujichimbia. Kokoto zenyewe ni ndogo, hivyo shida si kimo cha jiwe bali kushika njia: upana wa tairi usipungue inchi 2. Miiba ya migunga nayo haina huruma. Kata tyubu kuukuu kwa urefu, uitandaze kama kitambaa kati ya tairi na tyubu mpya, na punguza ncha zake kwa sandpepa ili zisije zikaisugua tyubu hadi itoboke.

Uwanda wa Kano karibu na Kisumu ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha huganda kwenye tairi na kujaza nafasi yote ya foki, yaani uma unaoshika gurudumu. Acha milimita 15 kila upande kati ya tairi na chuma, na 20 juu yake; chini ya hapo gurudumu husimama kabisa. Skuta ya inchi 8 yenye breki ya kukanyaga bamba la nyuma haifai hapo hata kidogo, kwa kuwa bamba hujaa tope na breki hupotea. Kakamega na Vihiga ni udongo mwekundu unaoteleza, mizizi na mawe makubwa ya granaiti. Mzizi uliolowa ukiukata kwa pembe ya mshazari, gurudumu dogo hufuata mzizi badala ya kuuvuka. Huko inchi 16 ni kiwango cha chini mbele.

Fremu

Wengi huanza na tyubu ya mraba ya 25×25 kwa kuwa ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, na hapo ndipo skuta nyingi zinapopinda. Chukua mtu wa kilo 85 anayetua kwa nguvu ya mara nne ya uzito wake, katikati ya fremu yenye reli mbili. Kwenye skuta fupi ya sm 72, reli za 25×25×1.5 zinabeba mkazo wa takriban MPa 288 (megapaskali, kipimo cha mkazo ndani ya chuma). Chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kunyooka tena kati ya 235 na 250. Kwa skuta ya sm 88 mkazo unafika 352. Fremu hiyo haitavunjika siku ya kwanza. Itazama katikati pole pole mpaka ubao uguse mawe.

Chukua tyubu ya 40×20×1.5 na uisimamishe kwa upande wake mrefu. Uzito unaongezeka kidogo, kutoka kilo 1.1 hadi 1.34 kwa mita, lakini mkazo unashuka hadi 172 kwenye skuta fupi na 210 kwenye ile ya kati. Tyubu hiyo hiyo ikilazwa kwa upande mpana inapoteza faida hiyo, na fundi asiyeambiwa atailaza kwa kuwa ni rahisi kuchomelea. Mwandikie kwenye mchoro. Kwa skuta ndefu ya sm 105 hata 40×20 inafika 251, ambayo ni mpakani, kwa hiyo panda hadi 50×25×1.5, hapo mkazo ni kama 156 na uzito kilo 1.7 kwa mita.

Usiweke ubao juu ya reli. Chomelea vipande vitatu vya kukingama kati ya reli, chini kidogo ya usawa wa juu, kisha fungia marainibodi (mbao ya tabaka isiyoharibiwa na maji) ya milimita 12 ndani yake kwa bolti za M6, uso wake uwe sawa na reli. Unaokoa zaidi ya sentimita moja ya kimo, na kimo cha ubao ndicho kinachochosha goti la mguu uliosimama. Kila unaposukuma, goti hilo linakunjwa na kunyooshwa. Kwenye mlima wa Riat tofauti ya sentimita mbili inahisiwa mapema. Upana wa jumla wa sm 15 unatosha miguu miwili iliyokaa mshazari: reli mbili za milimita 20 na ubao wa milimita 110. Uso upake rangi na umwagie mchanga mkavu rangi ikiwa bado mbichi. Mpira laini huteleza ukilowa.

Aluminiamu inavutia kwa wepesi wake, ila kwa karakana ya kawaida tunaikataa. Aloi ya 6061-T6 hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kando ya uchomeleaji, na nguvu hizo hazirudi mpaka fremu nzima ipashwe moto kwenye tanuri linalodhibitiwa. Pia aluminiamu huchoka: hata mizigo midogo ikirudiwa mara nyingi huleta ufa. Fremu ya aluminiamu nunua ikiwa tayari imetoka kiwandani. Chuma kichomelewe hapa.

Kwa ukuta wa milimita 1.5, vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5 aina ya E6013 kwa ampea 60 hadi 70 vinafaa. Zaidi ya hapo unatoboa. Mashine ya migi yenye waya wa milimita 0.8 ni bora zaidi. Shikisha pembe zote kwanza kwa nukta, pima ulinganifu kwa kamba kutoka kati ya ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ndipo uchomelee kwa kuhama upande baada ya upande. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fremu huvutwa na skuta itakwenda upande hata ukinyoosha usukani. Na usichomelee bomba lililopakwa zinki bila kuliparua mpaka chuma tupu: moshi wake huleta homa na kichefuchefu usiku huo.

Shingo na usukani

Fremu nyingi hufa shingoni. Usitengeneze bomba la shingo kwa bomba la maji. Tafuta BMX ya mtumba iliyokufa, yenye shingo ya inchi 1⅛, ukate sehemu yote ya mbele: bomba la shingo, beringi, foki na stemu (kishikio cha usukani) vikiwa pamoja. Vimeshapimwa kiwandani na vinaoana. Hakikisha foki ni ya chuma, sumaku itakuambia. Toa beringi kabla ya kuchomelea, na ndani ya bomba ubaki na vikombe vikuukuu vilivyokazwa ili joto lisilifanye kuwa la yai. Bomba la shingo likiwa la yai, beringi mpya hulegea kila wiki hata ukikaza vipi.

Pale reli zinapopanda kukutana na shingo weka bamba la pembetatu la milimita 3 kila upande. Ncha yake ya chini isiishie ghafla katikati ya reli. Ichonge iwe nyembamba na usichomelee milimita 10 za mwisho kwa kuvuka reli. Ufa huanzia hasa mahali ambapo kitu kigumu kinakoma ghafla juu ya kitu chembamba.

Pembe ya shingo inatenganisha tabia za skuta hizi tatu. Skuta fupi ya stanti husimama karibu wima, nyuzi 78 hadi 82, ili usukani uzunguke bila gurudumu kuyumba nje. Kwa gurudumu la inchi 8 lisilo na mwendo wa mbele kwenye foki (ekseli kusogezwa mbele ya mstari wa shingo), nyuzi 82 zinaacha mkia wa kujinyoosha, yaani umbali ambao tairi hugusa ardhi nyuma ya mstari wa shingo, wa milimita 14 tu, nyuzi 78 zinaacha 21. Ni skuta nyepesi mkononi na yenye wasiwasi kwenye kasi. Muundo wa kati, nyuzi 70 na foki ya BMX yenye mwendo wa milimita 32, unapata karibu 39. Mrefu, nyuzi 71 na foki ya milimita 35, unapata 51 na unashuka mlima ukiwa umetulia. Tofauti ya nyuzi mbili haionekani kwa macho, kwa hiyo pima kwa kipimo cha pembe cha simu kabla ya kushikisha nukta ya kwanza.

Usukani wa skuta ya stanti uwe wa chuma, umbo la T, kipande kimoja, wenye mishikio ya kimo cha kiuno cha mpandaji. Kwenye skuta ndefu uwe sm 95 hadi 100 juu ya ubao kwa mtu wa kimo cha kawaida, na upana wa sm 62 hadi 66. Mfupi zaidi ya hapo unamlazimisha mtu kuinama mbele, jambo lililo hatari mteremkoni kwa sababu za breki.

Breki

Mtu aliyesimama ana kitovu cha uzito juu sana, kama mita 1.1 kutoka ardhini. Akifunga breki ya mbele, skuta ya sm 72 inaanza kupinduka kwa theluthi moja tu ya nguvu ya mvutano wa dunia, ile ya 88 kwa 0.40, na ya 105 kwa 0.48, akiwa amesimama katikati. Akikunja magoti na kurudisha makalio nyuma, namba zote zinapanda. Akiinama mbele zinashuka.

Watu wengi husoma hapo wakaamua kuiacha breki ya mbele. Hesabu inasema kinyume. Breki ya nyuma pekee, kwenye murram mkavu, inaisimamisha skuta fupi kutoka kilomita 25 kwa saa baada ya takriban mita 17 za ardhi tambarare. Skuta ndefu ikitumia breki zote mbili vizuri inaweza kusimama ndani ya mita 5 hadi 6. Kwa njia ya mteremko yenye kona, mbuzi na watoto wa shule, mita hizo kumi na zaidi haziwezi kupuuzwa.

Na kuna jambo ambalo wanaotoka kwenye BMX hulisahau: kwenye skuta, usukani, foki na breki ya mbele huzunguka pamoja. Kebo ya breki ya mbele haizuii kuzungusha usukani wala kuzungusha ubao. Kebo inayozuia ni ya nyuma, kwa sababu inavuka shingo. Kwa hiyo skuta ya stanti inaweza kuwa na breki ya mbele ya mkono na ya nyuma ya mguu, bila kupoteza chochote. Ukitaka breki mbili za mkono kwenye muundo wa kati, sahau kuzungusha ubao mzunguko kamili.

Tahadhari moja kwa muundo wa kati. Foki ya inchi 20 ukiitumia na gurudumu la inchi 16 inatoa nafasi nzuri ya tope, lakini vishikio vya breki vitakuwa juu ya rimu kwa kama milimita 50. Breki haitaifikia rimu. Vikate na uvichomelee chini zaidi kwenye foki ya chuma, na uvipime gurudumu likiwa limefungwa. Usichomelee kishikio cha diski kwenye foki ya baiskeli ya mtoto: diski huvuta mguu mmoja tu wa foki, na mguu huo mwembamba hupinda.

Magurudumu yenyewe

Tyubu za inchi 12, 16 na 20 zipo kwa kila muuza vipuri vya baiskeli, Kibuye hadi Njoro. Za 200×50 ni adimu. Nunua tyubu nne pamoja na skuta. Rimu za inchi 8 mara nyingi ni nusu mbili zilizofungwa kwa bolti. Toa upepo wote kabla ya kulegeza bolti hata moja, la sivyo nusu hizo zitaruka usoni.

Udhaifu mkubwa wa muundo wa kati ni habu (kitovu cha gurudumu) ya inchi 12. Ilitengenezwa kwa mtoto wa kilo 20. Ekseli yake nyembamba hupinda ukitua mara chache, kisha koni hula gololi za beringi. Mwambie fundi wa leithi achonge habu ya chuma inayoshika beringi mbili za saizi ya 6201 na ekseli ya milimita 12. Ekseli ya milimita 12 inastahimili kupindwa mara tatu na zaidi kuliko ya milimita 8. Mbele tumia habu ya BMX ya ekseli ya milimita 10, lakini hesabu mashimo ya rimu kabla ya kununua: habu ya mashimo 36 haiingii kwenye rimu ya 28. Kwenye skuta ndefu hakuna kazi kubwa hapa, ila pia habu ya watoto ya inchi 16 nyuma ibadilishwe.

Upepo: anza na psi 35 kwa inchi 8, 30 mbele na 35 nyuma kwa muundo wa kati, 28 na 32 kwa mrefu, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi. Tyubu ikitoboka matundu mawili yanayokaribiana kama ya kuumwa na nyoka, si mwiba. Imebanwa kati ya jiwe na rimu. Ongeza psi 4.

Uchague ipi

Kama una uwanja wa udongo ulioshindiliwa wenye matuta ya kurukia, na unachotaka ni kuzungusha ubao na usukani hewani, chukua inchi 8. Miundo mingine miwili ni mizito mno nyuma kwa stanti hizo. Ubao wa muundo wa kati utauzungusha nusu, mara chache mzima, na wa mrefu hutauzungusha.

Kama unashuka milima kwa kasi, Nandi au kingo za Menengai, na unarudi juu kwa kutembea au kwa boda boda, chukua 20/16. Chukudu za mbao za Goma, zinazobeba mizigo mizito juu ya mawe ya lava, zinaonyesha jinsi skuta ndefu inavyoweza kuvumilia ardhi mbaya.

Kwa wengine wote, yaani anayesukuma kilomita kadhaa, anashuka, anaruka matuta na kuinua gurudumu la mbele, tunapendekeza 16/12. Inaruka vizuri, inavuka mizizi, na tyubu yake inapatikana hata soko la kijijini. Gharama yake ya ziada ni ile habu ya nyuma, na usiikwepe.

Kabla ya kuipaka rangi, ijaribu ikiwa chuma tupu. Weka ekseli juu ya matofali mawili, watu wawili wasimame katikati ya ubao, na upime kwa kamba iliyovutwa kati ya ekseli. Wakishuka, kamba irudi mahali pale pale. Ikibaki na pengo la milimita moja au zaidi, reli zimepinda. Kisha ruka nayo kwenye tambarare mara ishirini hivi, futa shingo kwa mafuta ya taa, ikauke, upake chokaa juu ya weldi. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa. Mstari ukionekana, paruze weldi yote ya hapo mpaka mwisho wa ufa, toboa tundu dogo la milimita 3 kwenye ncha yake, ndipo uchomelee tena.